Uliza Ujibiwe: Kisima kimeingia chumvi, nichimbe zaidi?

Mwezi huu barua za visima zimekuja nyingi kuliko kawaida, Kigamboni, Jambiani, Lamu, mpaka Oman huko. Nimeamua kuziweka pamoja kwa sababu ukizisoma zote tatizo ni lile lile, maji ya mvua na maji ya bahari yanakutana chini ya miguu yetu na sisi tunachota bila kujua nani yuko juu na nani yuko chini. La kwanza nimelijibu kwa kirefu, maana ukilielewa hilo mengine yanakuwa mepesi.

Msomaji wa Kigamboni anauliza: Habari za kazi. Nimejenga huku Kigamboni, kutoka kwangu mpaka ufukweni hata kilometa haifiki. Nilichimba kisima cha mita 60, mwaka wa kwanza maji yalikuwa baridi kabisa, hayana chumvi, tunakunywa tunapikia, majirani wakaanza kuja kununua ndoo, nikaona biashara, nikafunga pampu kubwa na simtanki mbili. Sasa hivi maji ni chumvi tupu, sabuni haitoi povu, koki za bafuni zimeota kutu. Fundi aliyenichimbia anasema tushuke mpaka mita 90 tutakuta maji mapya. Hela yenyewe ya kuungaunga. Nichimbe?

Jibu: Ndugu yangu usichimbe kwanza, hiyo hela itunze mpaka umalize kusoma hapa.

Chini ya kiwanja chako kuna mchanga na mawe yenye vitundu na nyufa, na hivyo vitundu vimejaa maji. Upande wa bahari vimejaa maji ya bahari, upande wa nchi kavu vimejaa maji ya mvua za masika na vuli yaliyozama miaka mingi. Katikati hakuna ukuta wowote. Kinachofanya yasivurugane yote mara moja ni uzito, lita moja ya maji ya mvua ina kilo moja, lita moja ya maji ya bahari ina kilo moja na gramu kama 25 juu yake kwa sababu ya chumvi. Hizo gramu 25 unaweza kuziona ndogo lakini ndo zinazoamua kila kitu, maana maji mazito yanakaa chini na maji mepesi yanaelea juu yake.

Kama huamini jaribu nyumbani. Chukua glasi ya kuona ndani, weka maji ya bahari nusu. Pembeni tia rangi ya chakula kidogo kwenye maji ya kawaida, halafu yamwage taratibu sana juu ya kijiko kilichogeuzwa mgongo kinachogusa usawa wa maji. Utaona rangi inakaa juu, na pale yanapokutana kuna utepe mwembamba wa mchanganyiko. Sasa chukua mrija, nyonya kutoka juu kabisa polepole, unapata ya rangi peke yake. Ushushe mrija mpaka karibu na ule utepe unyonye kwa nguvu, hapo hapo chumvi inapanda na kuingia mdomoni. Kisima chako kimefanya hivyo hivyo.

Ukitaka hesabu yake ipo, na ni ya zamani. Mholanzi mmoja, afisa injinia wa jeshi, Willem Badon Ghyben, aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1880 alipokuwa anaangalia mambo ya visima karibu na Amsterdam, na Mjerumani Alexander Herzberg akaifikia kivyake mwaka 1901 kwa kuangalia visima vya kisiwa cha Norderney. Walichokiona ni kwamba kwa kila mita moja ambayo maji baridi ya ardhini yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 za maji baridi. Ni kama jahazi, tumbo lililozama ni kubwa kuliko sehemu inayoonekana, na ukishusha shehena tumbo linapanda. Kwa hiyo ukishusha usawa wa maji kwa mita moja tu, baada ya muda chumvi kule chini inaweza kupanda mpaka mita 40. Hapo ndo watu wengi wanashangaa, kwamba kaushuka kadogo huku juu kanaleta mpando mkubwa kule chini.

Tuje kwako. Tuseme kiwanja chako kiko mita 10 juu ya bahari. Kisima cha mita 60 maana yake mdomo wa chini uko mita 50 chini ya usawa wa bahari. Ili pale chini pawe na maji baridi, maji ya ardhini yanatakiwa yasimame walau mita 1 na robo juu ya bahari, na hapo tumehesabu kama vile mpaka wa maji mawili umekatwa kwa kisu, wakati ukweli ni kwamba ule utepe wa mchanganyiko unaweza kuwa na unene wa mita kadhaa na chumvi inakufikia mapema kuliko hesabu. Ukafunga pampu kubwa, usawa ukashuka pale pale kisimani, chumvi ikavimba kama kilima chini ya bomba lako. Ukishuka mita 90 unaifuata iliko.

Kuna jambo hapa inabidi niliseme ili nisimwonee fundi wako. Pwani ya Dar si mchanga mtupu toka juu mpaka chini, kuna sehemu zina matabaka ya udongo wa mfinyanzi mazito ambayo maji hayapenyi kirahisi, na chini ya matabaka hayo kunaweza kuwa na maji baridi mengine kabisa yanayotoka mbali bara. Kimbiji ndo mfano unaotajwa sana, huko visima vya maji vimeshuka mamia ya mita vikakuta maji mazuri. Lakini hiyo ni kazi ya kupima kwanza, kuna vipimo vya umeme vinavyofanywa juu ya ardhi kuonyesha wapi pana chumvi na wapi hapana, na kisima chenyewe kinatakiwa kizibwe vizuri kwa saruji pale kinapopita kwenye tabaka la chumvi la sivyo unatoboa njia ya chumvi kushuka kuharibu maji mazuri ya chini, na ukishaharibu umewaharibia mtaa mzima. Kuongeza mita 30 kwa kubahatisha si hiyo kazi. Nenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ndo wanaotoa vibali vya visima Dar, ulizia kumbukumbu za visima vya jirani na kina walichokuta chumvi, taarifa hiyo inaweza kukuokolea mamilioni.

Wakati huo fanya haya. Rudisha pampu ndogo, na badala ya kuvuta saa nne mfululizo vuta muda mfupi, pumzisha, vuta tena, jaza tanki polepole usiku kucha. Mwulize fundi kuhusu kuziba mita za chini za kisima kwa saruji ili kivute kutoka juu tu, kwenye visima vingine inasaidia sana, na gharama yake hailingani na kuchimba upya. Vuna maji ya bati kwa ajili ya kunywa. Halafu kaa na majirani, maana kama nyumba kumi zina pampu kubwa mtaa mmoja, wewe ukipunguza peke yako hutaona kitu. Toka ukame wa mwaka 1997 visima Dar vimeongezeka sana, kila mtu anaangalia uzio wake, wakati maji hayajui uzio.

Na usitegemee yapone wiki ijayo. Chumvi inaingia haraka, kutoka inachukua misimu ya mvua, wakati mwingine miaka.

Dada wa Jambiani, Unguja: Assalaam aleikum. Sie hapa tunachota visima vya kuchimbwa kwa mkono vya zamani. Maji yanapanda na kushuka kwa kufuata bahari, wakati wa bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, mpando unakuwa mkubwa zaidi na ladha nayo inabadilika. Ina maana bahari inaingia kisimani? Na suala la pili, nikenda pwani kwenye mwani bahari ikipwa naona vijito vya maji baridi vinatoka mchangani vinakwenda zake baharini. Kwa nini tusiyazuie hayo tukayatumia sisi, hoteli zinachimba na sie tunahangaika na ndoo?

Jibu: Waaleikum salaam dada. Suala la pili ndo zito, nitaanza na la kwanza nilimalize.

Kupanda kwa kisima si lazima iwe bahari imeingia. Bahari ikijaa inasukuma, na msukumo unapita ndani ya mawe haraka kuliko maji yenyewe, kwa hiyo maji baridi yaliyokuwa hapo yanainuliwa. Ukiangalia vizuri utaona kisima kinachelewa, bahari imeshaanza kupwa na kisima bado kinapanda, na kadri kisima kilivyo mbali na pwani ndivyo kinavyochelewa na ndivyo mpando unavyopungua mpaka huuoni tena. Ila hiyo inua-shusha ya kila siku inakoroga pale maji mawili yanapokutana, na bamvua linakoroga zaidi kuliko maji mafu, zile siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, kwa hiyo kwenye kisima cha karibu na bahari ladha kubadilika ni kweli unayoisikia. Na mawe yenu ya matumbawe yana mapango na nyufa, maji ya mvua yanashuka fasta na kukimbilia baharini bila kurundikana, kwa hiyo tabaka la maji baridi kwenu ni jembamba kuliko katikati ya kisiwa kwenye udongo mzito. Kila kisima kina tabia yake, onjeni wenyewe wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, bamvua na maji mafu, muandike, baada ya mwezi mtajua saa nzuri ya kuchota kisima chenu.

Sasa vile vijito. Wakulima wa mwani mnavijua kuliko hata wataalamu, maana mwani haupendi maji baridi na ukifunga kamba pale panapotoka kijito unakufa. Mtu akiviona anasema maji yanapotea bure. Hayapotei dada. Maji baridi yanayotiririka kwenda baharini ndo yanayoisukuma bahari isirudi nyuma kuelekea visimani. Ukiyakamata yote, hakuna tena kinachosukuma, na chumvi inaanza kutembea kuja kijijini. Kisiwa kinaweza kutoa maji, lakini si yote yanayonyesha, sehemu lazima iachwe itoke, na sehemu hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyopenda kusikia.

Ndo maana hoja yako ya hoteli ina uzito. Kisima cha mkono kina kina kifupi na kipana, kinakwangua maji ya juu kabisa, na mtu na ndoo hawezi kuyashusha sana. Wazee hawakuwa na hesabu ya Ghyben lakini kisima chao kimekaa pale pale hesabu inaposema kikae. Pampu ya kuhudumia mabwawa ya kuogelea na bustani za majani mabichi wakati wa kiangazi, kwenye jiwe la matumbawe, inavuta kwenye tabaka lile lile mnalochota nyie, na nyie wenye visima vifupi karibu na bahari ndo mtaionja chumvi mwanzo. Mimi naona jengo kubwa la ufukweni lilipaswa litengeneze maji yake kutoka baharini kwa mashine, au liletewe kwa bomba kutoka eneo linaloweza kubeba uvutaji huo, na kila kisima kikubwa kiwe na mita inayosomwa. Ile kumbukumbu ya ladha mnayoiandika msiitupe, pelekeni kwa sheha na kwa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, barua yenye tarehe na kipimo haipuuzwi kirahisi kama malalamiko ya mdomo.

Kijana wa Shela, Lamu: Sasa kaka. Huku kwetu maji tamu ya mji wa Lamu yanatoka kwenye visima vya machuli ya mchanga, pale pale bahari ipo mbele yako. Wenye hela wanataka kujenga juu ya machuli wanasema ni mchanga mtupu hauna kazi. Mimi najua si sawa lakini nikibishana nao nakosa maneno. Nipe maneno.

Jibu: Poa sana, na asante kwa kuuliza hili maana linaniuma.

Waambie ule mchanga ndo tanki lenu. Mvua ikinyesha kwenye udongo mgumu au lami inakimbia, ikinyesha kwenye chuli inazama pale pale iliponyeshea, hakuna mto, hakuna dimbwi, yote inashuka ndani. Ikishafika chini haikimbii haraka kama kwenye matumbawe ya Jambiani, mchanga una vitundu vidogo, unayashika maji na kuyaachia pole pole, kwa hiyo yanarundikana yanainuka juu ya usawa wa bahari, na kila kiinuko kidogo unalipwa mara 40 chini. Ukimwaga zege juu, mvua inaishia kwenye mtaro. Ukichimba mashimo ya vyoo, kinachoshuka ni kinyesi, na mchanga huo huo unaopitisha mvua vizuri unapitisha hicho pia. Ukizoa mchanga kwa malori umepunguza kimo cha tanki. Hayo matatu yanatosha kwa mtu anayetaka kusikia.

Kwa asiyetaka, mpe Amsterdam. Mji ule umekunywa maji ya machuli yake ya pwani toka mwaka 1853, wakayapenda wakazidi kuyavuta, miaka ikapita chumvi ikaanza kupanda chini ya visima. Hawakuamua kujenga majumba pale juu waachane nayo. Mwaka 1957 walianza kuleta maji ya mto Rhine yakiwa yameshasafishwa kidogo, wakayamwaga kwenye mifereji ndani ya machuli yazame, ili mchanga uyachuje na tanki lijae tena. Sehemu hizo mpaka leo zinalindwa, watu wanatembea kwa miguu tu. Nchi tajiri imelipa hela nyingi kurudishia kitu ambacho Lamu inacho bado kizima, kinajazwa na mvua bila bili.

Na kitu kimoja cha kuangalia ninyi wenyewe. Mji ukikua, hata bila nyumba moja juu ya chuli, visima vile vile vikivutwa zaidi chumvi itakuja. Visima vingi vidogo vilivyotawanyika katikati ya chuli, kila kimoja kikivuta kidogo, ni salama kuliko kimoja au viwili vikubwa vilivyo rahisi kufikiwa na bomba.

Msomaji wa Barka, Oman: Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko huku toka utotoni. Shamba la mitende la marehemu baba limekuwa jeupe kwa chumvi, mitende inakauka vichwa, na tupo zaidi ya kilometa moja kutoka baharini. Bahari haijawahi kufika hapa. Chumvi imetoka wapi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa mzee, Mungu amrehemu.

Imekuja chini kwa chini. Pwani yenu ya Batinah zamani maji yalikuwa yanavutwa na ng'ombe kwa kamba, na ng'ombe anachoka, jioni kisima kinapumzika. Kuanzia miaka ya 1970 zikaingia pampu za mashine na mashamba yakapanuka, na mvua yenu ni chache mno, kinachoingia ardhini kwa mwaka kiko chini ya kinachovutwa. Usawa wa maji ya ardhini sehemu nyingi ukashuka chini ya usawa wa bahari wenyewe. Hapo tena hakuna kuelea kokote, mteremko umegeuka, bahari inatiririka kuja bara ndani ya mchanga, na inaweza kwenda kilometa kadhaa bila mtu kuona hata tone juu. Halafu ukimwagilia kwa maji yaliyoanza kuwa na chumvi, jua la huko linachukua maji linaacha chumvi kwenye udongo, kila umwagiliaji unaongeza, ndo huo weupe unaouona.

Serikali ya huko ilijenga mabwawa ya kuzamisha maji ya mafuriko ardhini, lile la Al Khawd ni la 1985, na yanasaidia pale yalipo, lakini bwawa halimshindi mwenye pampu asiyepumzika. Kwa shamba lako pima maji kwanza kabla hujatumia hela kwenye miche mipya. Mtende unavumilia chumvi kuliko karibu kila mti wa matunda, ila una mwisho wake. Ukihamia umwagiliaji wa matone utatumia maji machache, na mara moja moja mwagilia kwa wingi kusukuma chumvi ishuke chini ya mizizi. Kisima kipya karibu na bahari usichimbe.

Baba wa Kilwa: Bahari ilivuka ufukwe siku ya upepo na bamvua ikaingia kwenye kisima cha msikiti. Vijana wanataka kukodi pampu wavute usiku na mchana mpaka yatoke maji tamu. Ni sawa?

Jibu: Hapana baba, wazuie. Hili lilionekana vizuri baada ya tsunami ya Desemba 2004 kule Maldives na sehemu nyingine, visiwa vidogo mawimbi yalipita juu yake yakamwaga bahari kwenye visima. Ukivuta sana unaondoa maji baridi yaliyobaki pembeni na kuipandisha chumvi ya chini, unakuwa na chumvi mbili, ya juu na ya chini. Toeni maji ya kisima chenyewe taratibu, safisheni matope na takataka, tieni dawa ya klorini kwa maelekezo ya bwana afya, halafu subirini masika. Mvua inashuka inaisukuma ile chumvi kwenda chini na pembeni. Inaweza kuchukua msimu mmoja au zaidi, mpaka hapo wapeni watu maji ya mvua ya paa la msikiti. Na wajengeeni mdomo wa kisima uwe juu zaidi.

Mama wa Likoni, Mombasa: Nikichemsha maji ya chumvi, au nikitia ile dawa ya matone, chumvi inaisha? Na nitajuaje kama yamezidi? Binti yangu ni mjamzito.

Jibu: Shikamoo mama. Haiishi. Ukichemsha, maji yanapungua chumvi inabaki pale pale, kwa hiyo yanazidi kuwa makali. Dawa inaua vijidudu tu. Na kwa hapo Likoni vijidudu navyo ni hofu ya kweli, vyoo vya shimo viko karibu sana na visima, kwa hiyo msiache kuchemsha kwa sababu nimesema hakuondoi chumvi, ni mambo mawili tofauti.

Kujua, ulimi unasaidia mwanzoni. Kikombe kimoja cha chai cha maji ya bahari kwenye mtungi wa lita 20 kinatosha kuwafikisha pale ambapo watu wengi wanaanza kusikia ladha, kiasi hicho tu. Shida ni kwamba mkiyanywa kila siku ulimi unazoea na hamsikii tena. Sabuni kukataa povu peke yake si ushahidi, maji ya mawe ya chokaa nayo yanakataa povu na si ya bahari. Kipimo kizuri ni kile kikalamu cha kupima TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kwa miligramu kwa lita, kinauzwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya maji, unakichovya kinasoma namba. Chini ya 600 maji ni mazuri kwa ladha, kuvuka 1,000 watu wengi hawayapendi, bahari yenyewe iko karibu 35,000 ambayo kikalamu hicho hakifiki kusoma. Muhimu zaidi ni namba kupanda mwezi hadi mwezi, hata kama bado iko chini.

Kwa binti yako msisubiri namba ipande. Kule pwani ya Bangladesh ambako watu wanakunywa maji ya ardhini yenye chumvi, watafiti walikuta wajawazito wanaokunywa maji yenye chumvi nyingi wanapata zaidi presha ya ujauzito. Presha hiyo ni ya hatari kwa mama na mtoto. Mnunulieni maji ya kunywa ya bomba kutoka kwa watu wa mikokoteni mnaowaamini au mvune ya mvua, yachemsheni, ya kisima yabaki kufulia na kuogea. Na kliniki asikose, akifika awaambie wazi kwamba nyumbani mnatumia maji ya chumvi ili wampime presha kila safari.